Mke Wangu Ameanza Kula Mayai

Kwako Mama Jelimo, salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi ni msomaji wako wa kila juma huku Bokoli na sikudhani siku moja nitakuwa mimi ninayelia kwako, lakini maji yamenifika shingoni, na kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa naomba jina langu lisitokee gazetini, maana wanaonichukia nao wanajua kusoma.

Mambo yalianza baada ya mavuno, Mchungaji Jotham alipotoka Kitale kuja kutuhubiria, akasema tuache kumwahidi Mungu milima, kila mtu achague jambo dogo la kila siku alibadilishe kwa ajili ya Yesu, hata kama ni namna ya kuamka au ya kula, kwa sababu imani huingia nyumbani kwa mlango mdogo. Neno hilo lilinichoma hata nikalia mbele ya watu, na jioni hiyo hiyo nikamwita mke wangu Sellah pamoja na watoto, nikawatangazia kwamba nyumba hii inabadilika. Nikasema tangu sasa nitaamka kabla ya jogoo niombe, na kwa kuwa haifai mtu kumwendea Mungu na uso wa usingizi, Sellah atatangulia kuamka, awashe moto, anichemshie maji ya kuoga, kisha aniamshe. Nikasema shati langu litapigwa pasi kila siku liwe ushuhuda, na chai yangu italetwa shambani badala ya mimi kuifuata nyumbani na kupoteza wakati wa Bwana, na alasiri sitalala tena bali nitatembelea wagonjwa, Sellah akinifuata na kikapu cha unga na ndizi, na Jumapili moto hautawashwa jikoni, kila kitu kipikwe Jumamosi. Unaona mwenyewe, Mama Jelimo, yalikuwa mabadiliko madogo madogo tu, na mimi niliyapokea kwa furaha.

Sellah hakupinga. Alisema tu kwamba ana mimba, na mkunga wa misheni amemwambia damu yake ni kidogo, apumzike na ale mayai. Nikamweleza kwa upole kwamba mkunga huyo si wa huku kwetu, maana kwetu mwanamke hali kuku wala yai, na mama yangu mzazi aliingia kaburini bila kuonja hata mchuzi wa kuku na hakulalamika.

Basi Jumapili nikasimama kanisani nikashuhudia jinsi Bwana alivyobadilisha siku zangu, watu wakasema Amina hata bati likatetemeka, na kabla sijakaa vizuri nikamwona Sellah naye amesimama upande wa akina mama. Sikuwa nimempa ruhusa. Akasema, “Mimi pia nimechagua langu dogo. Kila asubuhi nakula yai moja, namshukuru Mungu, ndipo naanza kazi.” Akina mama wakaanza kucheka chini kwa chini, na bibi mmoja mzee asiye na jino hata moja akasema Amina peke yake, kwa sauti kubwa, na mpaka leo sijui alikuwa upande gani.

Mama Jelimo, niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Kesho yake nikakamata kuku wote, nikawafunga miguu, nikawapeleka sokoni Bungoma nikawauza, ili kuondoa majaribu ndani ya nyumba, na Sellah aliwatazama tu wakipita. Haikuchukua muda, asubuhi moja akaanguka akiwa amebeba maji yangu ya kuoga, maji yakamwagika yote, ikabidi nioge ya baridi. Alipoinuka alikaa kidogo, akafunga nguo zake kwenye leso, akawachukua watoto, akaenda Saboti kwa kaka yake Wepukhulu, anayeendesha trekta katika shamba la mzungu.

Nikamfuata na wazee wawili wa kanisa, tukapanda lori la mahindi mpaka Kitale, tukaendelea kwa miguu. Tulimkuta ameketi nje juani, anakula. Mzee mmoja akamsomea habari za mke kumtii mume, akasikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akaniambia, “Baba watoto, nitarudi siku utakapobadilisha kitu kimoja ambacho utakifanya wewe mwenyewe.” Sikuelewa maana yake, kwa sababu mimi nimebadilisha mambo mengi kuliko mtu yeyote kanisani.

Sasa naomba unisaidie. Je, kanisa limtenge asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu? Na Mchungaji akiuliza habari za maombi yangu ya alfajiri nimjibu nini, maana tangu Sellah aondoke sijaamka hata siku moja, hakuna wa kuniamsha.

Ni mimi, Mtumishi Aliyejeruhiwa, Bokoli.

MAMA JELIMO ANAJIBU

Mzee wangu, pole kwa kuoga maji ya baridi. Wasomaji wa gazeti hili kutoka Tongaren mpaka mlimani wataguswa sana na msiba huo.

Kwanza tumalize habari ya majina. Uliniomba nifiche jina lako, kisha la mama mwenye mimba ukaliandika mara nyingi. Sellah si jina lake, nimelibadilisha mimi. Hilo wewe hukulikumbuka.

Barua yako niliisoma mara ya pili nikitafuta jambo ulilobadilisha. Maji yalichemshwa na Sellah. Pasi ilipigwa na Sellah. Chai ilitembea mpaka shambani kwa miguu ya Sellah, na wagonjwa walipokea unga uliobebwa na Sellah, wewe ukiwa mbele na shati lako lililonyooka. Hata usingizi wako ulivunjwa na Sellah, na alipoondoka ukarudi mzimamzima. Kwa hiyo Mchungaji akiuliza, mwambie kweli: aliyeokoka nyumbani kwako amehamia Saboti.

Mimi sipendi kuhukumu kwa kusikia upande mmoja. Ninakaa Kitale, na jina lako halisi ninalo kwenye bahasha, basi nikaenda kwa Wepukhulu nikamwona. Mkeo ni mzima, na mkunga wa huko anasema damu inaanza kurudi. Huamka jua likishatoka. Hukaa kitandani, huweka mkono tumboni, huomba maneno machache ambayo hayamwamshi mtu, kisha hula. Nilitegemea atakusema vibaya mpaka jioni, na kalamu nilikuwa nimeitayarisha, lakini hakukusema. Aliniuliza kama ndama wenu amepona kuhara. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu katika barua yako yote hakuna ndama, hakuna habari za watoto wanavyoendelea, kuna wewe tu na maji yako.

Nikamwuliza kwa nini hakukueleza mambo haya polepole, ndani ya nyumba. Akasema alikueleza, ukamwambia habari za mama yako. Basi na mimi niseme juu ya mama yako, Mungu amlaze pema. Hakulalamika kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Wewe unaita hiyo desturi. Ulipoacha pombe ya busaa na ngoma za tohara ukasema ni mambo ya giza, ya wazee wasiomjua Mungu, lakini ilipofika kwenye paja la kuku, giza likawa tamu ghafla. Petro aliteremshiwa shuka kutoka mbinguni lenye kila mnyama, akaambiwa achinje ale. Unadhani pembeni mwa shuka liliandikwa “wanaume peke yao”?

Unataka atengwe na meza ya Bwana. Ninyi wazee watatu mlipanda lori kwenda kumsomea maandiko mama mwenye mimba, na hakuna hata mmoja aliyembebea kitu cha kula. Kama kuna wa kutengwa, ningeanza na hilo lori.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimekuchapa vya kutosha na najua hukulala vizuri. Naamini ulilia kweli siku ile kanisani. Machozi yako hayakuwa ya uongo, ila ulipofika nyumbani uliyafuta kwa nguo ya mwenzako. Mchungaji Jotham alisema kweli kwamba imani huingia kwa mlango mdogo. Kumbuka basi habari za Bwana mwenyewe baada ya kufufuka. Angeweza kutokea na tarumbeta. Wanafunzi wake walikuta amewasha moto wa makaa kando ya ziwa, ameoka samaki, akawaita waje wale. Mikono ile ilikuwa na majeraha ya misumari, na iliwapikia wengine kifungua kinywa. Yako ina jeraha gani, mzee?

Nenda Bungoma ununue mitetea, na usiniambie bei, uliowauza walikuwa wake kuliko wako. Kuhusu kanisa, Jumapili simama pale pale uliposimama, useme kwamba ushuhuda wako ulikuwa kazi ya mkeo. Itakuuma, na akina mama watacheka tena. Waache wacheke. Huyo bibi asiye na meno alikuwa upande wa Sellah, kama bado unajiuliza.

Halafu chagua jambo moja, moja tu, dogo. Teka maji. Au chemsha chai yako. Lifanye mpaka uache kulionea aibu, ndipo uende Saboti. Usiende na wazee wala usibebe Biblia mkononi kama rungu. Ukifika usianze na ombi refu. Msalimie, mwulize amelalaje, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu, hata kama jibu ni refu. Akikubali kurudi, mzigo wake ubebe wewe. Akisema bado, usibishane naye mbele ya kaka yake. Shika njia urudi Bokoli, na kesho yake uamke mwenyewe.