Ukulele Iliyopewa Kitanda Changu

Kericho, Jumamosi, Aprili 1934

Na bado mke wangu anacheka huko ndani.

Ukulele yangu mpya, gitaa dogo la nyuzi nne, ni ya tenor, kubwa kuliko ile ya mwalimu wa kwaya, na mahogani yake ni nyekundu kama chai iliyokolea. Ukiigusa, sauti inatoka nene, inakaa kifuani. Kosa langu lilikuwa kumwambia mke wangu, Akinyi, kwamba kwetu ziwani mtu akinunua nyatiti, kinubi chetu, huipeleka nyumbani kama bibi arusi.

"Sawa, Baba Atieno," akasema. "Basi huyu ni mke mwenzangu. Na tangu lini mke mdogo akalala nyumba ya mkubwa? Mjengee yake."

Nijenge wapi? Hapa shamba la chai tumepewa chumba kimoja na kibanda cha jiko nje. Nikaipeleka jikoni kwa hasira, nikaiegemeza ukutani, nikaenda kazini.

Alasiri mvua ikashuka, ile yetu ya kila siku. Nilitandaza majani kiwandani huku moyoni naona paa la jiko likivuja, mbao zikivimba, gundi ikiachia. Nyingine nitaitoa wapi?

Nilirudi mbio. Jikoni haikuwepo. Niliikuta kitandani, upande wangu, imefungwa kwa shuka la kumbebea mtoto.

Nikanyoosha mkono.

"Wacha!" Akinyi akasema nyuma yangu. "Ndiyo kwanza amelala sasa hivi. Leo jikoni utalala wewe."

Nilidhani ni mzaha, mpaka aliponisukuma nje, nikasikia komeo la mlango.

Na paa la hapa jikoni linavuja kweli.