“Kuna Mtu?” Ni Maneno ya Mwizi

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, umekula, na umevaa kitu shingoni, maana unasema huko ni baridi. Mimi mzima. Goti ndilo linalonung'unika, lakini goti ni kama jirani mkorofi, nimeshalizoea.

Bahasha yako nimeipata. Nilipoiona nilifurahi, kisha nikakaa chini. Tangu uanze kazi huko, kila Jumapili ulikuwa unapiga simu. Sasa Jumapili zinapita kimya, halafu inakuja bahasha. Unasema simu imeharibika. Haya. Lakini mji mzima huo hakuna mtu wa kukuazima simu dakika mbili? Na usiniambie mambo ya ujumbe wa simu, herufi zake ni kama mayai ya chawa, sizioni. Nataka kukusikia.

Swali lako la kazi nimelibeba kutwa nikikunja mashuka. Unasema mnaitia sauti ya Kiswahili filamu ya watu waliotoka kwenye nyota. Wamefika nje ya chombo chetu kinachoelea huko juu, na badala ya kupiga risasi wanagonga mlango. Kwa lugha ya wenye filamu wanasema “Kuna mtu?” nawe huridhiki. Usiridhike! “Kuna mtu?” ni maneno ya mwizi. Mwizi ndiye anayetaka kujua kama kuna mtu. Mgeni anasema hodi. Hata awe na macho sita, kama amekuja kwa heri atasema hodi, atangoja. Akisema mara tatu asijibiwe, anarudi zake. Waambie wakubwa wako, mama kasema.

Na hizi filamu za sayansi ni kitu gani hasa? Televisheni ya mapokezi pale nyumba ya wageni ninapofulia inatazamana na meza yangu ya pasi, siku hizi naziangalia kwa ajili yako. Mlinzi wetu wa mchana, huyu tunayemwita Kamanda, anasema ikiwa na roketi ni ya sayansi, isipokuwa na roketi ni mapenzi tu. Simwamini. Ndiye huyo huyo aliyesema pasi ya mvuke inanyonya damu.

Piga simu.

Mama yako


Tarehe 19 Februari

Shikamoo mama,

Mimi sijambo. Nakula, na shingo nimeifunga kitambaa. Lipe pole goti.

“Hodi” imepita! Msimamizi wa studio alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaiandika. Sauti ya chombo ni yangu, ile mashine inayozungumza na marubani. Wageni wakisema hodi, utanisikia nikijibu “karibu”.

Mwambie Kamanda roketi si sharti. Mimi naona hivi: filamu ya sayansi inabadilisha kitu kimoja duniani, kitu ambacho akili inaweza kukifuata, halafu inawaacha watu walewale na wivu wao na njaa yao, tuone watafanyaje. Ninayoipenda kuliko zote haina roketi hata moja. Ni mji ambao vioo vimeanza kuchelewa. Ukijitazama unaona sura yako ya jana. Basi, ni hilo tu. Lakini kuna mama mmoja, mumewe kafa asubuhi, na watu wote wakiwa msibani yeye anakimbilia chumbani, kwa sababu kwenye kioo mume bado anafunga vifungo vya shati. Nililia, mama. Siku ile ndipo nilipotaka kazi hii.

Simu bado. Usihangaike, niko sawa.

Binti yako


Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Hujambo tena? Mimi nimeamka, na aliyeamka ashukuru.

Nimemshinda Kamanda. Jana ilikuwepo filamu, maiti kafufuka anatembea. Akasema, “Hii ya mizimu, zima.” Nikamwambia, “Tulia kwanza tujue nani kamfufua. Akiwa daktari na sindano ni sayansi, akiwa mganga na kibuyu ni mizimu.” Ikawa sindano. Kaninunia mpaka wakati wa chai.

Nami ninayo yangu ninayoipenda. Watu wamelazwa ndani ya chombo, safari ya miaka mia, wanalala tu. Wenzangu walikuwa wanasubiri mapigano, mimi nasubiri mashuka. Miaka mia! Nani anawabadilishia? Kamanda akasema huko hawatoki jasho. Nikamwambia, mimi nimefua mashuka ya watu nusu ya maisha yangu. Mtu akilala hutoka jasho, atake asitake. Ukiona shuka halina jasho, jua aliyelilalia si mtu.

Lakini hicho kioo chako kimeninyima raha. Naweka pasi, nakiona. Na nimefikiri neno, usinicheke: barua nayo ni kioo kinachochelewa. Nasoma “niko sawa”, lakini huo usawa ni wa karibu wiki tatu zilizopita. Leo je? Leo ukoje?

Nakupigia hodi, mwanangu. Hii ya kwanza.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zangu ni zilezile, wewe ndiye hujazijibu.

Nimeunguza foronya ya mgeni. Mimi! Dada wa mapokezi kanisogezea kiti, na mtu akikuhurumia hivyo ujue uso wako umeshakusaliti. Nimepiga namba yako. Inaita, mwanangu. Simu iliyoharibika haiiti.

Kama nimekukosea, sema. Kama una mimba, sema, nitafua na nepi. Kama umefungwa, sema. Ninachokiwaza mwenyewe ni kibaya kuliko chochote utakachosema.

Hodi ya pili.

Mama yako


Tarehe 21 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali, maana hali yako nadhani naijua.

Filamu yenu imeonyeshwa. Dada wa mapokezi aliongeza sauti, wafagiaji wakaacha mafagio, Kamanda akavua kofia kama yuko kanisani. Wageni wakasema hodi. Watu wakapiga makofi, “Mama huyo! Neno la mama!” Kisha chombo kikajibu, “Karibu.” Sauti yako kabisa, tamu, haina kasoro. Wote wakanigeukia. Mimi nikaiweka pasi kando, nikazidi kusikiliza.

Tangu ulipoanza kusema, kabla ya neno la kwanza huvuta pumzi kidogo, kama mtu anayetaka kutia mguu kwenye maji baridi. Hata shuleni walimu walikuiga. Kwenye filamu zako za mwaka jana imo, huwa naingoja. Katika hii haimo. Nilisikiliza mpaka mwisho, maneno mengi vile, na yule anayesema hajavuta pumzi hata moja. Shuka halina jasho, mwanangu.

Wewe mwenyewe umenifundisha: kinabadilika kitu kimoja, vingine vinabaki. Nimezitoa barua zako nikazisoma upya kwa kidole. Mwandiko ni uleule. Utani ni uleule. Mapenzi ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimoja tu. Husemi.

Koo lako limefanya nini?

Hii ni hodi ya tatu. Mgeni angerudi zake. Mimi si mgeni.

Mama yako


Tarehe 3 Mei

Shikamoo mama,

Nisamehe. Pumua kwanza, ndipo usome.

Mwezi wa kwanza walikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Wamenipasua, wameutoa, wameupima, si ule ugonjwa unaouogopa. Nimepona. Lakini sauti iliyobaki siyo uliyonilea nayo. Nilijaribu neno moja bafuni nikageuka kutazama nani kaingia. Tangu siku hiyo sijasema tena. Hata dukani naandika kwenye kibao.

Studio walikuwa na sauti yangu ya zamani, saa nyingi za filamu. Kompyuta imejifunza, sasa inasema yenyewe. Niliikubalia, nikaona ni afadhali. Mimi nakaa pembeni nasahihisha maneno, namsikiliza mimi wa jana. Wenzangu wote wanasema huwezi kututofautisha. Ni wewe tu uliyeweza, mama, na meza yako ya pasi.

Daktari anasema iliyobaki nisipoanza kuitumia sasa, itakakamaa kabisa. Kila asubuhi nafungua mdomo, naufunga. Siogopi maumivu. Naogopa nikupigie, nikuamkie, kisha uniulize, “Nani mwenzangu?”

Binti yako


Tarehe 12 Mei

Mwanangu, roho yangu,

Nimelia, nimemaliza, nimenawa uso. Sasa sikiliza.

Siku uliyozaliwa hukuniamkia. Ulitoa mlio kama paka aliyekanyagwa mkia, na mkunga akasema, “Huyu naye!” Sikumuuliza mtu nani mwenzangu. Unadhani leo nitashindwa na mkwaruzo?

Hiyo kompyuta siigombezi, ifanye kazi yake. Ila haiwezi kuniambia shikamoo.

Jumapili nitakupigia mimi, simu ya mapokezi, nimeshaomba. Usijiandae, usinywe asali, usifanye lolote. Pokea tu. Nitasema hodi. Ukinyamaza nitasema tena, na mambo ya mara tatu ni ya wageni, mimi nitasema mpaka salio liishe.

Naogopa kama wewe. Lakini nitapiga.

Mama yako


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Naandika haraka, soma hivyo hivyo.

Najua ulikuwepo, lakini hukuona upande wa huku, acha nikwambie. Nilisema hodi, kimya. Nilisema tena, nikasikia gari linapita huko mtaani kwenu. Niliposema ya tatu nikaegemea meza ya mapokezi, goti likinung'unika. Dada wa mapokezi aligeukia ukutani. Nikasema ya nne.

Ndipo nikaisikia. Ile pumzi, ya maji baridi. Kabla hujatamka chochote nilishajua ni wewe, nilishaanza kucheka.

Neno lenyewe sitakudanganya, lilitoka kama lango la bati linaloburuzwa kwenye changarawe. Kamanda, aliyejifanya anafuta vumbi kwenye televisheni iliyozimwa, akauliza, “Nani huyo, fundi magari?”

“Nyamaza,” nikamwambia. “Binti yangu huyo. Ananikaribisha.”

Daktari wako kasema uitumie, nami nasema kidogo kidogo, kila siku. Basi barua hii usiijibu.

Piga.

Mama yako