Kisu cha Wendell na Brashi Yangu

Jumapili, 5 Oktoba 1986

Wendell katoka gazetini! Picha yake, ukurasa wa tano, juu kabisa — kubwa kuliko ya meya! Amekishika kisu kama mtu aliyeshika kifaranga. Chini wameandika: Wendell Stroud, mkusanyaji wa visu vya kale vya kukunja, na kisu ambacho hakina mwenzake Marekani nzima. Mwanangu huyo. Nimemzaa mimi, katika nyumba hii hii.

Nimenunua magazeti manne. La kwangu, la binti yangu Lorna, la kuweka, na la nne nimepita nalo kwa Hazel ng'ambo ya barabara, eti naomba hamira. Hamira ninayo. Hazel akavaa miwani, akatazama weee, akasema, "Kanenepa." Basi! Mwanawe anauza bima Buffalo, hajapata kutoka gazetini hata kwa ajali.

Nikamwambia kisu chenyewe ni cha Tuttle, kiwanda chetu cha hapa, kabla ya mwaka 1911. Mimi nilifanya kazi Tuttle miaka kumi na tisa, chumba cha kufungia. Nafuta alama za vidole, nafunga karatasi ya mafuta, natia kwenye boksi. Mume wangu Orrin, Mungu amrehemu, alikuwa juu, kwa mafundi wa kuunganisha. Leo kiwanda ni magugu matupu, na watu wanatoka majimbo ya mbali kutafuta visu tulivyokuwa tunavitupa kwenye makapu.

Habari kubwa zaidi nimeiweka mwisho. Wendell kapiga simu. Maonyesho ni tarehe ishirini na tano, ukumbi wa zimamoto, hapa hapa mjini! Akasema, "Mama, tutakuja Ijumaa, tulale kwako. Lorna naye nimemwita." Yeye na mkewe Joyce na watoto wawili. Lorna na mumewe na watatu. Na mimi. Kumi! Mara ya mwisho nyumba hii kulala watu kumi ni mazishi ya Orrin. Miaka sita.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimehesabu vitanda. Nimehesabu blanketi. Sahani ziko tisa. Ya kumi itakuwa ile yenye ufa, nitaitumia mimi.

Simu haijalia leo. Wala jana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wendell alikuja na kisu. Nataka niandike taratibu nisichanganye.

Alifika saa tano, peke yake. Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akatandika kitambaa cheupe mezani. Mimi nilikuwa jikoni nimempa mgongo, nakoroga mchuzi. Nikamsikia anakifungua. Kisha nikasikia kinavyojifunga.

Tak.

Niligeuka kwa furaha. Mdomo ulishafunguka kusema, "Orrin, ondoa vyuma vyako nipange sahani." Hapo ndipo nilipokumbuka. Mezani ni Wendell, ana kipara, ana miaka hamsini.

Kila fundi alikuwa na mlio wake pale Tuttle. Sisi chumba cha kufungia tulikuwa tunavijaribu vyote, fungua-funga, kutwa. Cha Pettibone kilikuwa kinalia kama mlango wa ghala. Cha Orrin kilikuwa kinalia kama mtu anayepiga ulimi kidogo, anakukatalia jambo kwa upole.

Nikasema pengine ni masikio ya uzee. Nikafuta mikono, nikasogea.

Kwenye gazeti kilikuwa cheusi na cheupe. Mezani kilikuwa kijani. Kijani cha maji ya bwawa, na ndani yake mawimbi ya rangi ya maziwa yanayozunguka. Mpini mzima.

Ni kioo changu.

Wendell akakifungua, akanipa. Nikakishika, nikamrudishia kikiwa wazi hivyo hivyo. Baba yake ndivyo alivyotufundisha: aliyefungua kisu ndiye akifunge, la sivyo ni mkosi. Akacheka. "Bado unakumbuka, Mama!" Nakumbuka. Nakumbuka mengi.

Akanieleza. Kakipata Olean, kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya marehemu daktari mmoja. Kapekua katalogi zote, hakuna mpini kama ule. "Hiki kilitengenezwa kwa kuagizwa, Mama. Kazi ya bingwa. Tazama hapa mgongoni — pitisha kidole. Unasikia kiungo?" Sikusikia kiungo. "Husikii! Siku hizi hayuko wa kufanya hivi. Hata zama za kina Baba hakuwepo."

Nikasema, "Baba yako alikuwa fundi mzuri."

"Alikuwa mchapakazi," akasema. "Lakini Baba alikuwa wa visu vya dukani. Usinielewe vibaya."

Nikamwongezea pai. Alikula vipande vitatu. Saa nane akaondoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimetoa droo ya chini, yote, nikaimwaga kitandani.

Brashi ipo. Kitana kipo. Kijani kile kile. Nimevipeleka dirishani kwenye mwanga. Mawimbi yale yale ya maziwa.

Ilikuwa seti ya arusi, 1931: brashi, kitana, kioo cha mkono. Selulodi, tulikuwa tunaita, plastiki ya zama hizo. Sijawahi kuwa na kitu kizuri vile, wala baadaye sikupata. Kioo nilikiangusha mwenyewe, Krismasi ya 1937. Nililia kama mtoto. Orrin akaokota vipande. Mgongo wa kioo ulikuwa mzima, haukupasuka. Akasema, "Nyamaza, Verna. Hiki kitakuwa kitu."

Majira yale ya baridi Tuttle waliwasimamisha mafundi. Orrin alikuwa na bapa mbili za kisu cha zamani, na springi yake, alizookota kwenye pipa la chakavu chini ya ghorofa. Chapa ya Tuttle kwenye bapa hizo ilikuwa ya kale, walishaiacha kabla mimi sijaajiriwa. Wiki nzima akakaa mezani na tupa na nyundo ndogo. Akaukata mgongo wa kioo changu, akatoa pande mbili za mpini. Alikuwa anapiga pini mara tatu, kidogo kidogo, kisha anasikiliza.

Alikuwa ananitengenezea mimi. Zawadi.

Februari Wendell akashikwa na koo. Miaka miwili tu, midomo ya bluu, anavuta pumzi kama mbwa anayebweka. Theluji hadi madirishani. Daktari Pomeroy alikuja kwa miguu maili mbili. Akakaa naye hadi alfajiri, na birika la mvuke. Mtoto akapumua. Orrin akanitazama. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akaenda kabatini akamtia daktari kisu mkononi. Daktari alikifungua na kukifunga mara nne hivi, akatabasamu, akaenda zake.

Hatukumwambia Wendell. Kwa nini tumwambie? Mtoto kupona si jambo la kumsimulia kila siku.

Jumanne, 14 Oktoba

Hazel kaja kurudisha bakuli.

"Kwa hiyo wanakuja," kasema.

"Wote tisa, na mimi kumi."

"Wanakuja kwako au wanakuja kwa kisu?"

Jamani! Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na neno moja tu la kumnyamazisha mwaka mzima: kisu hicho kinachotajwa Marekani nzima kakitengeneza mume wangu, juu ya meza hii hii uliyoegemea, kwa kioo changu! Mimi, niliyemtangazia meno ya kila mjukuu, niliyemsomea ripoti za shule kwa sauti! Na jambo kubwa kuliko yote nimelimeza.

Nikasema, "Kunywa kahawa, shoga, inapoa."

Alinitazama sana. "Unaumwa, Verna?"

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempigia Wendell. Nilijiandaa. Niliandika kwenye karatasi nitakaloanza nalo. Joyce akapokea, akamwita, akaja anahema.

"Mama, haraka kidogo, nafunga makasha."

Nikasema, "Wendell, hicho kisu. Je, kama si cha zamani kiasi hicho?"

Akacheka, lakini si kicheko chake. "Nani kakwambia? Kuna mtu anasema?"

"Hakuna mtu. Nauliza tu."

Akanieleza kama mtoto wa shule. Yuko mzee mmoja anakuja kutoka Tennessee, ndiye mwamuzi wa kikombe cha kisu bora. Jumamosi asubuhi Wendell atatia sahihi, mbele ya chama chote cha wakusanyaji visu, kwamba kisu ni cha kiwanda, cha wakati ule, hakijaguswa. Ndiyo sheria. Na sheria kaitunga nani? Yeye. Mwaka jana walimtoa chamani mtu aliyeleta kisu cha kuungaunga, bapa za huku, mpini wa kule. Wendell ndiye aliyesimama akamsema ukumbini. Alinisimulia wakati ule, nikamsifu! Nilimwambia Hazel, mwanangu hana mchezo na uongo.

"Kisu cha kuungaunga ni takataka, Mama, hata kingekuwa kizuri vipi. Lakini hiki hakina wasiwasi. Hakuna kipande kingine cha rangi hii duniani. Kingekuwepo, ningekuwa nimeshakiona."

Brashi ilikuwa mapajani mwangu.

Akasema, "Lorna kasema watoto wanataka kulala chumba cha juu. Tutafurahi, eh? Kama zamani."

Nikasema, "Tutafurahi."

Karatasi yangu nimeitumia kuandikia vitu vya dukani. Siagi. Matufaha. Mdalasini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefua mapazia. Nimetoa blanketi jua lilipochungulia kidogo. Nimeoka pai moja ya kujaribu, nikaila peke yangu siku nzima, asubuhi, mchana, jioni.

Nitaandika hata hili. Saa nne asubuhi nilifungua mlango wa jiko la kuni, brashi mkononi. Selulodi inashika moto kama baruti, sisi wa Tuttle tunajua, iliwahi kuunguza kibanda kizima. Isingechukua hata nusu dakika. Brashi, kisha kitana. Halafu kingekuwa kweli hakina mwenzake duniani, na Wendell angetia sahihi, na mzee wa Tennessee angeinamisha kichwa, na nyumba ingejaa. Na Krismasi wangekuja tena. Na Pasaka. Mtu aliyeshinda kikombe kwenye mji wa mama yake hurudi mji huo.

Kwenye brashi mna unywele. Mrefu, mweusi. Wangu! Nilikuwa na nywele mimi, zinafika kiunoni, Orrin alikuwa anazichana kwa brashi hii nikiwa nimechoka kusimama kiwandani.

Nikafunga jiko.

Kisha nikakaa nikafikiri: alisema bingwa. Alipitisha kidole mgongoni mwa kisu, macho yamemlegea, akasema siku hizi hayuko wa kufanya hivi. Hajapata kusema hivyo kwa baba yake akiwa hai. Orrin alikufa akidhani mtoto anamwonea haya kwa sababu ya kucha zake nyeusi. Na kweli alikuwa anamwonea haya. Mimi nilikuwa nawatetea pande zote mbili, huyu kwa huyu.

Akijua, atapoteza kikombe. Pengine na uso wake mbele ya wale watu. Pengine atanikasirikia mimi, niliyekaa nalo wiki mbili huku namlisha pai.

Asipojua, atalichukua hilo neno bingwa ampe mtu asiyekuwepo.

Jumatano, 22 Oktoba

Lorna kapiga. Wanatoka Ohio mapema, mume kaomba ruhusa kazini. Mtoto wa mwisho kachukua simu: "Bibi, kisu kinakata kweli?" Nikamwambia kinakata mpaka mfupa. Akapiga kelele ya furaha.

Hazel kaniazima sahani moja, haina ufa. Kaileta mwenyewe, kaniwekea mezani tu. Nikamwambia aje ale nasi. Akasema, "Mimi? Nije kufanya nini?" Lakini kauliza saa ngapi.

Nyumba iko tayari. Vitanda vimetandikwa. Viatu vitavuliwa mlangoni. Makoti yatawekwa kitandani chumbani kwangu, kama kawaida, maana koridoni hamna misumari ya kutosha. Wendell huwa hakubali mtu amchukulie koti lake. Tangu utoto. Huenda mwenyewe, hulirusha kitandani, kisha husimama mbele ya meza ya kioo kujitazama kipara.

Nimefuta vumbi meza hiyo. Nimetandika kitambaa cheupe. Kushoto nimeweka kitana. Kulia brashi, imelala kifudifudi, mgongo wake wa kijani juu. Katikati nimeacha nafasi, upana wa kioo cha mkono. Sikuweka kitu.

Nimerudi mara mbili kuviondoa. Mara mbili nimeviacha.

Nitasimama wapi akiingia humo? Jikoni, nadhani. Nimpe mgongo, nikoroge mchuzi, nisikilize. Akikitoa kisu mfukoni, akakifungua, akakilinganisha — nitausikia ule mlio akikifunga. Baada ya hapo sijui. Huenda watakula. Huenda watavaa makoti yao warudi barabarani, sahani kumi na moja mezani na mimi na Hazel tunatazamana.

Pai ni nne. Matufaha yalitosha.

Wote wanakuja keshokutwa, Ijumaa, kabla taa za barabarani hazijawashwa.