Watu Wanne, Meza ya Miiba

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Leo tena samaki wamelala. Trei kumi na moja za minofu ya sangara zimerundikana meza ya kuchomolea miiba, barafu imeyeyuka, na kule mbele wanaume wa visu wanakata tu! Meneja Werema kanivuta pembeni. Wanunuzi wamelalamika, mnofu unafika na joto. Anasema pale mezani kuna mtu mvivu. Nimtafute, nimpe jina, aondoke.

Mimi msimamizi wa laini hapa kiwanda cha samaki, miezi minne tu. Tangu tupunguzwe kule kiwanda cha nguo nilikuwaga nyumbani Bweri na jembe. Sitaki kurudi kwenye jembe.

Jumatano, 7 Septemba
Nimesimama na saa ya mkononi tangu asubuhi. Kina mama wanne wa miiba, kila mmoja minofu mingapi kwa saa. Nimeandika majina.

Wa mwisho ni Marieta.

Marieta! Aliyenifundisha kuunga uzi kule kwenye nguo, nikiwa msichana wa juzi. Nikatazama karatasi, nikaenda nikampa Werema. Sijui kwa nini sikungoja kesho. Hapana — najua. Niliogopa.

Alhamisi, 8 Septemba
Karatasi imebandikwa ukutani! Jina la Marieta limepigwa mstari mwekundu. Kaisoma, kanawa mikono, karudi kazini. Afadhali angenitukana.

Sikuweza kusimama pale na saa yangu. Nimevaa aproni, nikaingia mezani, nikashika kisu kidogo. Vidole vilikufa ganzi mapema tu. Mwiba unautafuta kwa kidole, hauonekani! Ndipo nikaona. Trei ikifika, Marieta anavuta ile minofu mikubwa, minene, yenye miiba mingi, na ile midogo anamsogezea Eufrasia aliye pembeni yake. Trei baada ya trei.

Nikamuuliza, mama, mbona unajibebesha? Kanijibu chini kwa chini, nimtazame Eufrasia miguu.

Miguu imevimba, gambuti haifungi. Mimba ya miezi saba, kaificha chini ya aproni. Na sisi vibarua, mwenye mimba anaambiwa akapumzike, akirudi nafasi haipo.

"Wewe umezoea kuhesabu minofu, mwanangu. Mimba hujaihesabu," Marieta kasema.

Ijumaa, 9 Septemba
Nimejigeuza kitandani mpaka jogoo. Nikimweleza Werema kwa nini Marieta yuko nyuma, nimemuuza Eufrasia. Nikinyamaza, Marieta ndiye anaondoka. Na karatasi ni mwandiko wangu!

Mchana nikapima upya. Safari hii laini nzima, si majina. Visu wanaume wanane, kila mmoja mnofu mmoja kwa dakika. Minane. Miiba kina mama wanne, kwa wastani kila mmoja mnofu na nusu. Sita. Minane inaingia, sita inatoka — itaachaje kulala? Hata ungeweka malaika pale!

Mwanamume mmoja akitoka visu akaja miiba: saba inaingia, saba na nusu inatoka. Mmoja tu! Nimerudia hesabu mara tatu.

Jumamosi, 10 Septemba
Werema kasikiliza, saa zote anachungulia dirishani. Kasema sawa, Jumatatu nijaribu. Ila jina la Marieta lipo palepale, mtu wa mwisho ni wa mwisho.

Nikaenda visu, nikamwomba Enoka, ana mkono mwepesi. Wenzake wakacheka mpaka wakaweka visu chini. Enoka anasema kile kisu cha kumenyea viazi hawezi kukishika mbele za watu. Nikamwambia, kila siku mnakaa mnangoja trei za kina mama ziishe ndiyo mfunge. Nani anawachelewesha? Ni nyinyi wenyewe, mko wengi! Kageukia mnofu wake, kaendelea kukata. Hakukubali, hakukataa.

Jumapili, 11 Septemba
Kanisani Marieta kakaa benchi la mbele yangu. Padri kahubiri, sikusikia hata neno. Nilikuwa natazama vidole vyake.

Jumatatu, 12 Septemba
Naandika mapumziko, nimekaa juu ya kreti nyuma ya chumba cha barafu, mlango wa ofisi nauona.

Enoka kaja! Kasimama kati ya Marieta na Eufrasia, hakuna aliyecheka. Kufika saa nne trei zilikuwa tatu. Saa tano, moja. Saa sita meza nyeupe, nakiona chuma chake! Visu wakawa wanageuka kutazama.

Nikakimbilia ofisini nimwambie Werema. Alikuwa mlangoni, kashika karatasi yangu ya Jumatano. Anasema vizuri sana, kazi inakwenda. Basi Enoka abaki hapo moja kwa moja, na huyu wa mwisho hahitajiki tena.

Hesabu yangu inataka watano! Nimemwambia. Anasema wanne wametosha siku zote.

Kamwita Marieta. Kapita mbele yangu akifuta mikono kwenye aproni, Eufrasia akamfuata, akimwambia mama ngoja, acha niseme mwenyewe. Marieta kamrudisha kwa mkono. Mlango ukafungwa.

Eufrasia kasimama pale nje, kashika tumbo. Kengele imelia, watu wanarudi laini. Ananitazama mimi. Nimeinuka, nina karatasi ya Ijumaa mkononi, na nikiingia mle Werema ataniuliza kwa nini Marieta ni wa mwisho, na mimi —