Daktari wa Papai

Dada,

Nyama iko jikoni, nimeipaka papai bichi lililokunwa ili ilainike. Ukifika tu ibandike, ikikaa sana itakuwa uji.

Nimempeleka mama hospitali. Ni lile tumbo. Siku tatu nzima namlisha papai asubuhi na jioni, naye ananisifu: "Daktari wangu, limetulia kabisa." Kichwa kikanivimba, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili! Leo asubuhi nimemkuta ameinama mlangoni mwa choo, jasho linamtiririka, kusimama hawezi. Nikamuuliza, mama, mbona ulinificha? Akasema, "Mwanangu, chuo kilikushinda. Nikaona na hili lisikushinde."

Nikambeba.

Njoo na nguo zake za kubadili na kadi ya kliniki, iko chini ya godoro. Papai lililobaki usilitupe, lenyewe halina kosa.

Baba akipiga simu, ~~mwambie tumetoka kidogo~~ mwambie ukweli. Atadhani ni mizaha yangu, kama siku ile ya chumvi kwenye kopo la sukari. Mwapie kwamba leo sitanii.

Mdogo wako