Mapovu ya Ersilia

Bonaire, Jumapili, 13 Novemba 1994

Kwako Dada Reinilda,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia, kasuku anakula, na nyumba yangu bado ina paa. Sisi huku ni wazima, tunakula na kushiba, ila upepo wa hapa unataka kutung'oa nywele.

Dada, mimi ndugu yako ndiye mtu mwenye bahati kuliko wanaume wote waliowahi kuvaa suruali katika visiwa hivi. Miaka sita chini ya meli pale chelezoni Curaçao zinapokarabatiwa, kwenye giza na matope, rafadha ya kusukuma meli, kubwa kama mlango wa kanisa, inaning'inia juu ya kichwa, na sikupata hata mkwaruzo! Bahari inanijua kwa jina. Nimeona Caracas, nimeona Rotterdam, nimekula meza moja na manahodha, na sasa mke wangu amenileta likizo wiki mbili kwa ajili ya ndoa yetu kutimiza miaka ishirini na mitano. Nani mwingine kwetu Barber nzima kafanyiwa hivyo? Nitajie mmoja.

Ila kuna jambo. Unakumbuka Ersilia alivyokuwa akienda mazoezi ya kwaya kila Alhamisi? Hakukuwa na kwaya. Miezi minane alikuwa anajifunza kupiga mbizi, na ana kadi yenye picha yake. Tulipofika hapa akaniwekea kadi mkononi, akasema, "Tacho, umenisimulia huko chini tangu nikiwa msichana. Jumamosi ndiyo siku yetu. Nataka tushuke wawili tu, unionyeshe kwa macho yangu." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Huku hamna habari ya mashua. Unakodi gari la mizigo, unapakia mitungi ya hewa nyuma, unafuata barabara ya ufukweni mpaka uone jiwe lililopakwa rangi ya manjano, unashuka, unaingia baharini kwa miguu yako kama mtu anayekwenda kufua. Mimi sijaingia bado. Ndege imeniziba sikio. Kwa hiyo Ersilia anashuka na Bwana Emerenciana, mwalimu mstaafu wa kijiji cha Rincon, miaka sitini na minane, miguu kama njiti za kiberiti. Sina wivu.

Kinachonikera ni gari. Wanakwambia usilifunge na madirisha uache wazi. Nikasema mimi mtu wa mjini sifundishwi mambo ya wezi, nikafunga kila kitu. Tuliporudi kioo kimevunjwa na viatu vyangu vya Jumapili vimekwenda. Mwenye gari akacheka: "Bwana, uliwafungia mlango, ndiyo maana wamebisha." Leo nikaacha wazi. Punda akaingiza kichwa, akala mkate wangu na nusu ya kofia.

Binamu yetu Wilfrido anapakia mizigo kwenye ndege, barua atazipitisha yeye.

Ndugu yako,
Tacho


Barber, Curaçao, Jumanne, 15 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linauma vilevile, usijifanye umelikumbuka. Ningekupigia simu lakini umeifunga simu yako kwa kufuli na ufunguo umeondoka nao. Nani anakwenda likizo na ufunguo wa simu?

Kasuku wako tangu alfajiri anapiga kelele, "Mimi ni mzamiaji! Mimi ni mzamiaji!" Jirani ameniuliza kama nimeolewa tena.

Sasa nisikilize, Tacho, kwa sababu nimechoka. Wewe hujawahi kuzamia. Tulipokuwa watoto, maji yakikufika magotini ulikuwa unamwita mama. Mwaka 1968 mama alinituma nikuletee chakula chelezoni. Nikakuona juu ya tishali lililofungwa kando ya meli, umekalia ndoo, gazeti kichwani kuzuia jua, umeshika kamba. Aliyetoka majini ni yule kijana wa Santa Cruz, na wewe ulimvua kofia ya chuma na kumpangusa pua. Nilirudi nyumbani nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unamchumbia Ersilia na sote tulikuwa tunaomba uoe uhame.

Nimenyamaza miaka ishirini na sita. Mwanamke amemdanganya padri habari za kwaya kwa ajili yako! Na wifi yangu aliniambia mwenyewe sheria ya huko chini: kila mmoja ni mlinzi wa mwenzake, hewa ikiisha mwenzako ndiye anakupa yake. Unataka Jumamosi ashuke na mlinzi asiyejua hata kuogelea? Mwambie kabla ya Jumamosi. La sivyo nitamwandikia mimi.

Dada yako,
Reinilda


Bonaire, Jumatano, 16 Novemba

Kwako Dada,

Shikamoo tena, na pole na kasuku. Mpe ndizi, hawezi kusema huku anakula. Nami nilifundishwa hivyo, ila sikushika.

Siku ile uliyoniona nilikuwa mapumzikoni. Hata jenerali hupumzika akamshikia mtu farasi. Basi hayo tuyaache.

Sikio limepona lakini limehamia tumboni. Nililaumu supu ya mjusi, Ersilia akasema yeye na mwalimu wamekula sufuria hiyohiyo. Nikasema basi ni mafua. Akanitazama, akafunga kiunoni mkanda wake wa vyuma vya kumzamisha, akasema, "Kaa tu, Tacho. Linda gari." Linda gari! Mimi! Gari lenyewe hata kufungwa halifungwi!

Basi nimekuwa mlinzi wa punda. Yule wa kofia amekuja na mke wake. Nawafukuza kwa pezi langu la mpira la kuogelea, wanalinusa. Jua linanichoma upande mmoja, upepo unanimwagia mchanga upande wa pili, na kila Mholanzi anayepita ananiuliza kama mimi ndiye dereva.

Jambo moja nitakuambia, usimwambie mtu. Nikikaa juu ya jiwe la manjano nayaona mapovu yao, maji ya upande huu yametulia kama chai. Mwalimu anapumua kama saa ya kanisa, pu, kimya, pu, kimya. Ersilia anapumua kama mtu anayesimulia umbea. Najua akisimama kutazama samaki. Najua akiogopa. Jana nilijua kwamba anacheka. Akatoka majini nikamuuliza, "Ulikuwa unacheka nini kule?" Akashtuka. "Mwalimu aling'atwa kidole na samaki mdogo kama sarafu. Umejuaje?" Nikamwambia mzamiaji anajua.

Ijumaa nitazungumza naye, kuna mahali wanapika mchuzi mzuri wa mbuzi. Tutazungumza jambo fulani. Sisemi jambo gani.

Ndugu yako,
Tacho


Barber, Alhamisi, 17 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba na ndizi zako. Amekula tatu, sasa anasema mdomo ukiwa umejaa.

Ijumaa ni kesho. Usianze na hadithi ya Rotterdam. Usianze na hadithi yoyote. Sema hivi: "Ersilia, nilikuwa mshika kamba." Maneno manne, jina lake ndilo la kwanza. Hata wewe uliyeacha shule ukiwa darasa la tano unaweza kuyahesabu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Reinilda


Barber, Jumatatu, 21 Novemba

Tacho,

Leo sina salamu. Ijumaa hakuna barua. Jumamosi hakuna. Jana nikamngoja Wilfrido mpaka ndege ya mwisho, akaja mikono mitupu, anatazama viatu vyake. Nikambana. Akasema amesikia kwa wapakiaji wa Bonaire kwamba Jumamosi kuna mwanamke wa Curaçao alichukuliwa na mkondo. Nikamuuliza jina, akasema hakuuliza. Hakuuliza! Ana mdomo wa kunywea bia tu huyo!

Nimevunja kufuli la simu yako kwa nyundo. Simu nayo imepasuka kidogo. Nimepiga kwenye nyumba mliyopanga mara kumi na moja, inalia tu.

Siulizi tena kama ulimwambia. Nilipaswa kumwandikia mimi, nikajisemea, Reinilda, si ndoa yako. Kasuku nimemfunika kitambaa, siwezi kulisikia neno lile.

Yuko wapi wifi yangu?

Reinilda


Bonaire, Jumanne, 22 Novemba

Kwako Dada Reinilda,

Yuko hapa mbele yangu, anakula embe. Naanza na hilo. Shikamoo itafuata. Tusamehe, tulihama nyumba na barua sikuandika kwa sababu mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. Utaona kwa nini.

Ijumaa nilikula mchuzi wa mbuzi sahani mbili na sikusema kitu. Nilifungua mdomo mara nne, kila mara ikatoka Rotterdam.

Jumamosi asubuhi nikavaa suti ya mpira. Dada, suti ile ilinibana mpaka sauti ikawa ya mtoto wa komunyo. Tukaenda wawili tu, mwalimu tulimwacha kwao. Nikaingia maji mpaka magotini. Ersilia akanyoosha mkono. "Twende, mume wangu." Nikasema, "Sikio."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alinitazama tu, akashusha miwani, akashuka peke yake. Kitu ambacho kila mtu hapa anakwambia usifanye.

Nikapanda juu ya jiwe kutafuta mapovu yake. Kwanza yakaenda vizuri, kaskazini, kama kila siku. Halafu alipogeuka kurudi yakasimama. Hayaendi mbele wala nyuma, na yanatoka haraka, haraka, bila nafasi katikati. Hapo niliuona uso wa maji umejikunja na majani yanayoelea yanakimbia kuelekea kaskazini. Mkondo umebadilika. Mke wangu alikuwa anapigana nao, na kwa kupumua vile mtungi usingechukua muda kwisha.

Nikaruka kwenye gari. Ahsante Mungu halifungwi! Nikaendesha kaskazini mpaka jiwe la manjano linalofuata, mkondo unakoelekea. Nikafunga kamba ya kufungia mitungi kwenye gari, mwisho mwingine kiunoni. Nikabeba mtungi wa akiba na spana ya magurudumu, nikaingia majini. Magotini, Dada. Kiunoni. Kifuani. Nilimwita mama, sikufichi. Nikazamisha mtungi na kuugonga: tatu, nafasi, tatu, nafasi, tatu. Ndivyo tulivyokuwa tunawaita wazamiaji kwenye tishali, tunagonga chuma. Sauti chini ya maji haina upande, mtu hajui inatoka wapi, anajua tu kwamba anaitwa. Kwa hiyo anapanda juu kutazama. Niligonga mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, na chumvi ikaingia humo.

Akaibuka. Mbali, mdogo kama nazi. Nikapunga mikono nikapiga kelele, "Usipigane! Lala chali! Maji yatakuleta!" Akalala. Maji yakamleta mpaka akawa hatua kumi na tano kutoka kwangu, karibu kunipita. Nikajifungua kamba kiunoni, nikamrushia.

Ikamfika mara ya kwanza. Miaka ishirini na mbili sijarusha kamba.

Nilimvuta mpaka kwenye mawe, tukakaa tunahema, punda wanatutazama. Alipopata pumzi akauliza, "Nani alikufundisha kugonga hivyo?"

Nikasema, "Ndivyo tulivyokuwa tunafanya sisi wa juu."

"Ninyi wa juu?"

Nikaanza kuikunja kamba.

"Tacho. Ninyi wa juu?"

Akavua pezi moja akanipiga nalo begani. Akavua la pili, akanipiga nalo pia. Halafu akalia. Akasema, "Wiki nzima sikio, tumbo, mafua. Nilidhani umenichoka. Nilidhani hutaki kuniona hata huko chini." Dada, hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimeushikilia uongo wangu kwa mikono miwili, sikuona kwamba yeye ndiye anayeumia.

Nikasema, "Sikutaka ujue uliolewa na nani."

"Niliolewa na mpumbavu," akasema. "Hilo nilijua kanisani. Hiyo kamba ungenisimulia miaka yote hii, ningeisikiliza! Yule aliye chini anaona samaki. Wewe ulikuwa unamwona yeye."

Siku mbili hakusema nami. Ilibidi tuhame, mwenye nyumba alichoka kusikia vyombo vinavyowekwa mezani kwa nguvu. Jana jioni akanipeleka ufukweni, akanivisha miwani, akanisimamisha maji ya kiunoni, akasema nitie uso. Nilitia. Nilimwona samaki mmoja wa buluu, naye aliniona. Tukaachana kwa heshima.

Leo ameweka karatasi hii mezani. Amesema haiondoki mpaka niandike kwa mkono wangu, kwako kwanza kwa kuwa ulinifichia siri, halafu kwa binamu wote, halafu kwa padri, na yeye atampelekea lake la kwaya. Na anasema umfunue kasuku, umsomee maneno haya kila asubuhi mpaka yale mengine yamtoke. Simu usijali, nitanunua nyingine, bila kufuli.

Haya. Anasoma begani kwangu, ana embe kidevuni.

Ile bahati niliyokuandikia ya miaka sita bila mkwaruzo, ilikuwa uongo. Bahari hainijui kwa jina. Sikuwahi kushuka hata siku moja. Nilishika kamba.

Ndugu yako,
Tacho