Ngwe ya Kasiani Haijamalizwa, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu mama hakunilea vibaya, siyo kwa sababu hasira imepoa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi hapa Mlabani kutoka kwenye miwa, mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, meno tu ndiyo yanaonekana? Nilikumwagia maji mgongoni huku ukinisimulia mambo ya shambani. Sheria yenu wakata miwa niliijua kama Baba Yetu: mtu akijikata, wenzake wanagawana ngwe yake, na hakuna anayerudi nyumbani mpaka kipande chake cha kazi kiishe. Siku msimamizi alipokataza, ulilaza panga lako chini. Wote wakalaza. "Ngwe ya mgonjwa ni yetu," ulimwambia, na jina lako likafika mpaka Michenga.

Kwa jina hilo wenzako wakakufanya kiongozi wa chama cha wakata miwa. Kwa jina hilo tukakupa ubunge. Nilicheza siku ile mpaka ndala zikakatika.

Juzi baba mdogo Kasiani, uliyekata naye miwa bega kwa bega miaka yote, amejikata mguu. Wenzake wakaingia kwenye ngwe yake kama ulivyowafundisha. Msimamizi akawafukuza kazi wote, na Kasiani mwenyewe. Tukakupigia simu. Ukaja, nikamshukuru Mungu. Kumbe umeletwa na gari la mwenye shamba! Ukasimama na shati lako jeupe ukasema, "Ndugu zangu, mambo yamebadilika. Kila mtu abebe mzigo wake." Kasiani alikaa mbele kabisa, mguu umefungwa bandeji. Hukumwangalia. Hata pole hukumpa.

Yamebadilika nini, Baba? Panga ni lilelile na damu ni ileile. Nimekasirika, na mama tangu siku ile hataki hata redio ifunguliwe, asije akasikia sauti yako.

Usitume mtu kunibembeleza. Panga lako la zamani nimelitoa darini, nimelinoa. Kesho asubuhi naingia na hao waliofukuzwa tuimalize ngwe ya Kasiani. Msimamizi akija kutuzuia, atanikuta mimi, na nitamwambia maneno yako yaleyale. Wewe ukitaka kuja, karibu. Ila uje kwa miguu, na hilo shati uliache Dodoma.

Ni mimi binti yako, uliyemfundisha mwenyewe.